Jinsi ya Kufuatilia Homa ya Mafua ya Msimu Barani Afrika, Wiki kwa Wiki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa takwimu wa wilaya, mwandishi wa habari za afya, mwanafunzi wa afya ya jamii na mtu mwingine yeyote anayetaka kujua, katika wiki yoyote ya mwaka, homa ya mafua imepanda wapi barani Afrika, imeshuka wapi, na ni virusi vya aina gani vinavyosambaa. Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji kompyuta yenye programu ya lahajedwali, intaneti ya kawaida, saa mbili tatu kila wiki, na mazoea ya kuuliza swali moja mbele ya kila namba: zilipimwa sampuli ngapi hata namba hii ikapatikana?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa homa ya mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka kwa kushambulia mfumo wa upumuaji, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliziweka nchi zilizo kusini mwa Sahara miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa vya vifo hivyo ikilinganishwa na idadi ya watu. Hata hivyo, mgonjwa mwenye homa na kikohozi anayefika zahanati kwa kawaida hupimwa malaria, hupewa dawa, akarudi nyumbani bila virusi vya homa ya mafua kutafutwa. Anayefuatilia ugonjwa huu barani kwetu anafanya kazi na sehemu ndogo sana ya ukweli, na ustadi wake unaonekana katika namna anavyoisoma sehemu hiyo bila kuitia chumvi wala kuipuuza.

Hatua ya kwanza: Jua namba inakotoka

Kabla ya kufungua takwimu zozote, fuata kwa akili safari ya sampuli moja. Katika kituo teule cha ufuatiliaji, muuguzi au tabibu humchagua mgonjwa anayelingana na maelezo yaliyowekwa na WHO: homa iliyopimwa na kufikia nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, dalili zikiwa zimeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Mgonjwa huyo huhesabiwa kuwa na ugonjwa unaofanana na homa ya mafua. Ikiwa hali yake inahitaji kulazwa, huingia katika kundi la pili, la maambukizi makali ya mfumo wa upumuaji, na hapo hata maelezo kwamba alikuwa na homa nyumbani yanatosha, kwa kuwa wengi hufika hospitali wakiwa wamekwisha kunywa dawa ya kushusha homa.

Sampuli huchukuliwa kwa kijiti cha pamba puani au kooni, huwekwa katika kichupa chenye majimaji maalumu ya kuhifadhi virusi, na hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 ili ifike maabara ndani ya siku tatu hivi. Ikichelewa zaidi ya hapo hugandishwa kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Maabara huipima kwa PCR, njia ya kutafuta chembe za urithi za virusi, na kutenganisha aina A na aina B, kisha aina ndogo zake. Majibu ya wiki hukusanywa na kituo cha taifa cha homa ya mafua, ambacho kwa Uganda kipo katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, kwa Senegali katika Taasisi ya Pasteur ya Dakar, kwa Madagaska katika Taasisi ya Pasteur ya Antananarivo, na kwa Afrika Kusini katika Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, mjini Johannesburg. Vituo hivi ni sehemu ya mtandao wa dunia ambao WHO iliuanzisha mwaka 1952 na ambao leo una maabara katika nchi zaidi ya 120.

Ukiifahamu safari hiyo, unajua pia ni wapi inaweza kukatika. Vijiti vya pamba vikiisha, namba hushuka. Umeme ukikatika na friji kupata joto, virusi huharibika na jibu linakuwa hasi. Kemikali za PCR zikikwama bandarini, wiki kadhaa huonekana tupu, kisha hujazwa zote kwa mkupuo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema lolote kuhusu ugonjwa wenyewe.

Hatua ya pili: Pakua takwimu za bara zima, si za kanda moja ya WHO

Chanzo kikuu ni FluNet, hazina ya WHO iliyoanza mwaka 1997, ambayo huonyesha kwa kila nchi na kila wiki idadi ya sampuli zilizopimwa na idadi zilizokutwa na virusi kwa kila aina. Pembeni yake ipo FluID, inayobeba idadi ya wagonjwa wenye dalili, wakiwemo waliolazwa. Zote mbili ziko wazi kwa umma, na unaweza kuona michoro papo hapo au kupakua faili la CSV, linalofunguka katika lahajedwali, na kulifanyia kazi mwenyewe. Ninashauri faili, kwa sababu michoro iliyotengenezwa tayari huficha maswali ambayo hatua zinazofuata zinakutaka uyaulize.

Hapa pana mtego unaonasa wengi. Ukichagua Kanda ya Afrika ya WHO, yenye makao yake Brazzaville, utapata nchi 47 pekee. Misri, Libya, Tunisia, Moroko, Sudani, Somalia na Jibuti ziko chini ya ofisi ya Cairo, katika kanda ya Mashariki ya Mediterania. Anayesahau jambo hili huchora ramani ya Afrika isiyo na karibu pwani yote ya kaskazini, tena pwani yenye msimu ulio wazi kuliko sehemu nyingi za bara. Chagua nchi moja moja kwa jina, au tumia mgawanyo wa kanda za maambukizi ya homa ya mafua ambao FluNet yenyewe inao: Afrika ya Kaskazini, ya Magharibi, ya Kati, ya Mashariki na ya Kusini.

Angalia vilevile safu inayoonyesha chanzo cha sampuli. Sampuli za vituo teule huchukuliwa kwa utaratibu unaofanana wiki hadi wiki, ilhali zile za nje ya vituo teule huweza kutoka kwa wagonjwa mahututi, kwenye mlipuko shuleni au kwa wasafiri. Zitenganishe tangu mwanzo. Ukizichanganya, mlipuko wa shule moja ya bweni utaonekana kama wimbi la nchi nzima.

Hatua ya tatu: Sawazisha wiki

Takwimu hizi hufuata wiki za kimataifa zinazoanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo wiki ya 1 ya mwaka 2025 ilianza tarehe 30 Desemba 2024. Miaka mingi ina wiki 52, lakini 2020 ilikuwa na 53 na 2026 nayo ina 53. Usipoiandalia wiki hiyo nafasi, ulinganishaji wako wa miaka utateleza kwa siku saba.

Hatua ya nne: Kokotoa asilimia, na uweke namba ya sampuli kando yake

Gawanya idadi ya sampuli zenye virusi kwa idadi ya sampuli zilizopimwa, kisha zidisha kwa mia. Hiyo ni asilimia ya sampuli chanya, nayo ndiyo kipimo chako kikuu, kwa sababu idadi ya wagonjwa waliothibitishwa hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa upimaji. Tuchukulie mfano wa nchi mbili. Ya kwanza imepima sampuli 200 na kukuta virusi katika 30, yaani asilimia 15. Ya pili imepima 12 na kukuta virusi katika 3, yaani asilimia 25. Ukiandika kwamba nchi ya pili imezidiwa na homa ya mafua utakuwa umejenga habari juu ya watu watatu. Mgonjwa mmoja tu akipungua, asilimia yake inashuka hadi 17 hivi.

Kwa nchi yenye sampuli chache, jumlisha wiki tatu zinazofuatana, sampuli chanya kwa chanya na zilizopimwa kwa zilizopimwa, ndipo ugawanye. Fanya vivyo hivyo unapotaka asilimia ya kanda. Usichukue wastani wa asilimia za nchi, kwa maana katika mfano wetu wastani huo ungekupa asilimia 20, ilhali sampuli zote 212 zikiwekwa pamoja zinatoa asilimia 15.6. Hata jumla hiyo ina upungufu wake, kwa kuwa nchi inayopima sana huibeba kanda nzima mabegani. Afrika Kusini ikiwa na sampuli nyingi kuliko majirani zake, mstari wa kanda ya kusini huwa ni mstari wa Afrika Kusini. Litaje jambo hilo wazi chini ya mchoro.

Umuhimu wa kuitaja idadi ya sampuli ulidhihirika vizuri mwaka 2020. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo, majira ambayo homa ya mafua hutarajiwa katika nusu ya kusini ya dunia, Australia, Chile na Afrika Kusini zilipima sampuli 83,307 kwa pamoja na kukuta virusi vya homa ya mafua katika 51 tu. Kwa kuwa sampuli zilikuwa maelfu kwa maelfu, wataalamu waliweza kusema kwa uhakika kwamba msimu haukutokea, kutokana na hatua zilizochukuliwa dhidi ya UVIKO-19. Laiti zingepimwa sampuli mia mbili tu, matokeo hayo yasingetofautishwa na uzembe wa upimaji.

Hatua ya tano: Ligawe bara kwa majira yake

Afrika haina msimu mmoja wa homa ya mafua. Kosa linaloniumiza zaidi katika taarifa za bara zima ni ule mstari mmoja uliochorwa kwa kujumlisha nchi zote, mstari unaopanda na kushuka bila kueleza hali ya mahali popote. Wimbi la Moroko la Januari na la Afrika Kusini la Juni hukaa ndani yake kana kwamba ni la watu wamoja.

Kaskazini, kuanzia Moroko hadi Misri, virusi hufuata majira ya baridi ya nusu ya kaskazini ya dunia: huanza kupanda mwishoni mwa mwaka na kwa kawaida hufika kilele kati ya Desemba na Februari. Kusini kabisa mambo hugeuka. Nchini Afrika Kusini msimu kwa kawaida huanza kati ya Aprili na Juni na kuendelea hadi Agosti au Septemba, ingawa kalenda si sheria: mwaka 2025 NICD ilitangaza kwamba msimu umeanza katika wiki ya 13, mwishoni mwa Machi. Aliyekuwa akisubiri Mei ndipo aanze kutazama, alichelewa.

Magharibi, mvua ina nguvu kuliko baridi. Senegali hupata wimbi lake kubwa katika miezi ya masika yake, kati ya Julai na Oktoba, wakati nchi za karibu na ikweta kama Ghana na Côte d'Ivoire zinaweza kuona kupanda zaidi ya mara moja kwa mwaka. Usiitumie tarehe ya Dakar kubashiri hali ya Accra.

Kanda ya Mashariki ndiyo inayodai uvumilivu zaidi. Katika mgawanyo wa FluNet inaanzia Eritrea na Ethiopia hadi Madagaska na Msumbiji, eneo lenye nyanda za juu zenye baridi, pwani zenye joto na ikweta katikati. Nchini Kenya, Uganda na Tanzania virusi hupatikana karibu mwaka mzima, na vilele huhama kutoka mwaka hadi mwaka. Ninashauri uigawe kanda hii katika makundi madogo: nchi za Pembe ya Afrika peke yake, nchi za ikweta kuanzia Kenya hadi Burundi peke yake, kisha Msumbiji, Malawi, Zambia na visiwa vya kusini peke yake. Katika kundi la ikweta, acha kabisa kuuliza msimu umeanza lini. Uliza kama wiki hii iko juu au chini ya kawaida yake.

Hatua ya sita: Weka kipimo cha kawaida

Asilimia 18 ni nyingi au chache? Jibu linategemea miaka iliyopita ya nchi hiyohiyo. Kusanya angalau misimu mitano, na uondoe mwaka 2009, wakati virusi vipya vya A(H1N1) vilipoenea duniani kote, pamoja na 2020 na 2021, ambayo ingeshusha kawaida yako isivyostahili. Kwa nchi zenye msimu mmoja ulio wazi, kama Afrika Kusini, ipo mbinu ya takwimu inayojulikana kwa kifupi kama MEM, ambayo huchambua misimu iliyopita na kutoa mstari wa kuanza kwa msimu pamoja na mistari ya kiwango cha kati, cha juu na cha juu sana. Inapatikana bure ndani ya programu ya takwimu iitwayo R.

Mbinu hiyo hudhani kwamba kila mwaka una wimbi moja, kwa hiyo usiilazimishe juu ya Kenya au Uganda. Kwa nchi hizo panga asilimia za wiki zote za miaka uliyonayo kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tazama wiki ya sasa imeangukia wapi: ikiwa imezidi tisa kati ya kila wiki kumi za nyuma, hali imepanda kwa kweli, hata kama ni mwezi ambao hakuna aliyeitarajia.

Hatua ya saba: Tazama aina ya virusi

Katika kila wiki andika mgawanyo wa A(H1N1)pdm09, yaani vile vilivyoenea mwaka 2009, A(H3N2) na B. Miaka inayotawaliwa na A(H3N2) mara nyingi huwaumiza zaidi wazee. Upande wa B, ukoo wa Yamagata haujathibitishwa kusambaa tangu Machi 2020, na ndiyo sababu WHO iliacha kushauri uwekwe katika chanjo. Ukiuona umetajwa katika takwimu mpya, shuku kwanza kosa la uandishi.

Chunguza kwa makini zaidi safu ya virusi vya A ambavyo aina yake ndogo haikutambuliwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba maabara haina kemikali za hatua ya pili, au virusi katika sampuli vilikuwa vichache mno. Lakini aina mpya inayotoka kwa ndege au wanyama, kama A(H5N1) ambayo Misri ilianza kuipata kwa binadamu mwaka 2006, ingeanza kuonekana katika safu hiyohiyo. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, hata mgonjwa mmoja wa aina mpya lazima atolewe taarifa kwa WHO. Mfuatiliaji wa nje hatangazi jambo kama hilo. Anaiuliza wizara au maabara husika, na anasubiri jibu.

Hatua ya nane: Soma ukimya

Tengeneza jedwali la pili lisilo na ugonjwa wowote ndani yake, lenye nchi pembeni na wiki juu, ukiweka alama tatu tu: imeripoti na kupima vya kutosha, imeripoti sampuli chache, haijaripoti. Jedwali hili lichapishwe pamoja na ramani yako kila mara. Sifuri ya nchi iliyopima sampuli 150 na pengo la nchi isiyoripoti vipewe rangi tofauti kabisa, kwa sababu msomaji akiona nyeupe mbili zinazofanana ataamini kuwa kote kuko salama.

Historia ya bara hili inatoa sababu za kutosha. Kati ya Julai na Septemba 2002, homa ya mafua ya aina ya A(H3N2) iliingia katika nyanda za juu za Madagaska, na hadi kufikia tarehe 19 Septemba walikuwa wameripotiwa wagonjwa 30,304 na vifo 754. Hivyo vilikuwa virusi vya msimu vilivyokuwa vikizunguka duniani, lakini viliwakuta watu wa vijijini wenye lishe duni na walio mbali na huduma, katika baridi ya mwaka. Nchi hiyo ilikuwa na maabara yenye uzoefu mjini Antananarivo. Vilio vya wafiwa vilikuwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akichukua sampuli.

Miaka 22 baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea Panzi, katika jimbo la Kwango nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 5 Desemba 2024 waliripotiwa wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wakiwa watoto, na ulimwengu ukauita ugonjwa usiojulikana. Panzi iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Kinshasa kwa barabara mbaya wakati wa mvua, na sampuli za kwanza hazikuwa na ubora wa kutosha. Uchunguzi ulipokamilika ulionyesha mchanganyiko wa malaria na virusi vya kawaida vya mfumo wa upumuaji, vikiwemo vya homa ya mafua ya A(H1N1)pdm09, juu ya miili iliyodhoofishwa na utapiamlo. Kwa hiyo, unapoona taarifa za vyombo vya habari au za Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilichopo Addis Ababa, kuhusu vifo vya homa na kikohozi mahali ambapo jedwali lako lina pengo, ziandike kando ya pengo hilo, pamoja na tarehe na chanzo chake, hata kabla ya kipimo chochote kutoka.

Hatua ya tisa: Andika taarifa ya wiki

Chagua siku moja ya kupakua takwimu na usiibadilishe. Pakua upya wiki zote za mwaka, si wiki ya mwisho tu, kwa kuwa nchi huendelea kurekebisha na kujaza wiki za nyuma. Wiki mbili za karibuni zaidi zichore kwa mstari wa nukta ili msomaji ajue kwamba bado zitabadilika. Kila faili ulilopakua lihifadhi likiwa na tarehe yake, maana siku moja utaulizwa kwa nini namba ya leo si ile uliyoichapisha mwezi uliopita, na jibu liko katika kulinganisha mafaili hayo mawili.

Taarifa yenyewe iwe fupi: kila kundi la nchi lipewe sentensi mbili au tatu, zikitaja asilimia, idadi ya sampuli, aina inayotawala, na hali ikilinganishwa na kawaida. Badala ya kusema "homa ya mafua imeongezeka Afrika Mashariki", andika kwa mfano kwamba asilimia ya sampuli chanya katika nchi za ikweta imepanda kwa wiki tatu mfululizo, kwa kutegemea sampuli kadhaa kutoka nchi kadhaa, na kwamba nchi fulani hazijaripoti.

Ongeza nguvu kabla ya Februari na kabla ya Septemba. Katika miezi hiyo WHO hukutanisha wataalamu kuchagua virusi vya kuwekwa katika chanjo, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, wakitegemea virusi ambavyo vituo vya taifa vimevituma katika maabara kubwa za Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing. Wiki zinazotangulia mikutano hiyo, pitia jedwali lako la ukimya na uorodheshe nchi za Afrika zilizokuwa na wimbi bila kutambua aina ndogo ya virusi vyake, kisha uipeleke orodha hiyo kwa mtu wa wizara au wa maabara ambaye bado ana muda wa kutuma sampuli zilizogandishwa.